Kengele za Mrengo wa Zamani

Skarvøya, Jumamosi 6 Oktoba 2018

Mdogo wangu Eilert,

Mama anakusalimu. Ameniambia nianze na salamu ndipo niingie kwenye shida, kwa hiyo salamu ndiyo hiyo.

Shida ni kengele. Tangu juzi Alhamisi alasiri, kengele za wito katika vyumba vyote vinane vya mrengo wa zamani wa makao yetu ya wazee hazitufikii. Mzee akibonyeza kitufe chake kitandani, taa nyekundu inawaka mkononi mwake, lakini simu zetu za mfukoni sisi wauguzi haziiti. Jengo jipya kila kitu kinaita mpaka kinakera. Kompyuta ya zamu ya mrengo wa zamani nayo inasema haina mtandao. Kinachofanya kazi huko ni kitu kimoja tu, ile kamera mpya ya mlangoni, iliyofungwa wiki hii ili Mzee Peder asitoke tena kwenda kutafuta kondoo aliowauza mwaka themanini na tatu. Hiyo inaonyesha vizuri sana. Tunamwona mpaka vifungo vya koti.

Nimepiga simu kwenye kampuni yenu nikapewa namba ya foleni. Mimi sitaki foleni, nakutaka wewe uliyeufunga huu mtandao. Unajua halmashauri wamekuwa wakitafuta sababu ya kuufunga mrengo ule tangu masika. Wakiipata, wazee wanane watapelekwa bara, mwendo wa saa nne kwa boti, na mmoja wao ni Mama. Ana miaka themanini na sita na hajawahi kuishi popote pengine. Ukimpeleka kule utakuwa umemzika akiwa anapumua.

Niambie cha kufanya nami nitafanya.

Dada yako,
Gunnvor

*

Trondheim, Jumapili 7 Oktoba

Dada mkubwa, mwenye amri zote,

Poleni. Nimeangalia kutoka hapa. Ruta iko salama, swichi ya jengo jipya, kile kisanduku kinachogawa mtandao, iko salama. Ile swichi ya mrengo wa zamani ndiyo haijibu kabisa, nimeiita kama ulivyokuwa ukiniita nije kuosha vyombo, na inajibu vilevile kama mimi enzi hizo.

Nikueleze kidogo ili usishike vitu gizani. Kati ya majengo mawili kuna kebo moja kuu. Ndani yake mnapita mitandao midogo mitatu isiyochanganyikana, sisi tunaiita VLAN, na kila mmoja una namba yake. Ishirini ni kompyuta, thelathini ni kengele, arobaini ni kamera. Kila upande wa kebo kuna swichi yenye orodha ya namba zinazoruhusiwa kupita. Namba isiyo kwenye orodha haipiti, hata ipige magoti.

Sasa fanya hivi. Nenda kwenye kabati la mrengo wa zamani, lile nyuma ya chumba cha kufulia. Tazama kama taa za swichi ni za kijani. Zima, hesabu mpaka thelathini, washa. Ikikataa, badilisha ile kebo fupi ya manjano, nilikuachia nyingine kwenye boksi la biskuti. Halafu uniandikie umeona nini, na uandike ulichokiona, si ulichodhani umekiona. Wewe ni muuguzi, unajua tofauti.

Mwambie Mama nitakula maandazi yake ya kuoka kwenye chuma Krismasi, yale ya jamu, na asimpe Peder yote.

Wako mtiifu,
Eilert

*

Skarvøya, Jumatano 10 Oktoba

Eilert,

Nimefanya yote. Taa ni za kijani, zote. Nimezima na kuwasha mara tatu. Nimebadilisha kebo ya manjano, nikabadilisha na nyingine, nikairudisha ya kwanza. Nimetambaa chini ya sakafu na tochi mdomoni kufuata kebo kuu mpaka inapoingia jengo jipya, na haijaliwa na panya wala haijalowa. Torbjørg wa jikoni alinishika miguu nisipotelee huko, akasema nikifia ndani watanifunika na vumbi lililopo na kuokoa jeneza. Kamera bado inaonyesha. Kengele bado kimya.

Tumewapa wazee kengele za kondoo. Peder anazo debe zima ghalani. Kila mmoja ana yake mezani, na asubuhi mrengo mzima unasikika kama zizi. Wengine wanacheka. Mama anasema ya kwake inamtambua.

Ila Magnhild wa chumba cha pili hakuchukua kengele ya kondoo, alisema yeye si mnyama. Jana asubuhi tukiwa tunagawa uji alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alilala sakafuni kwa muda wa saa moja na dakika arobaini akiwa na kile kitufe mkononi. Kilikuwa kinawaka nyekundu. Nilipomkuta hakunilaumu. Alisema, "Nilibonyeza, nikajua mko njiani." Helikopta imemchukua na sidhani kama atarudi.

Solfrid Engvik, mkuu wa huduma pale halmashauri, amekuja leo. Amesema anataka ripoti ya kampuni yenu kwa maandishi, ndani ya wiki, ieleze kosa liko wapi. Ripoti ikisema ni jambo la kurekebishika, tunabaki. Kwa hiyo sasa iko kwako, mdogo wangu. Mama ameniambia nisihangaike, eti "Eilert akishika kitu hakiachi."

Gunnvor

*

Trondheim, Ijumaa 12 Oktoba

Dada Gunnvor,

Pole kwa habari za Magnhild.

Nimepeleka ripoti halmashauri leo. Nimeandika kwamba swichi ya mrengo wa zamani ni chakavu na imeshindwa, na kwamba nyaya za jengo lile zimepitwa na wakati, kwa hiyo vifaa vibadilishwe. Wakinunua swichi mpya nitaiandaa mimi mwenyewe hapa mezani na kuituma, na kila kitu kitakuwa sawa. Ni suala la siku chache.

Siwezi kuja sasa. Nimepangiwa kazi nyingine mpaka mwisho wa mwezi. Tafadhali usifungue kabati tena na usimruhusu fundi mwingine kuligusa.

Eilert

*

Skarvøya, Jumanne 23 Oktoba

Eilert,

Hawanunui swichi.

Wameisoma ripoti yako kwenye kikao, neno kwa neno, Solfrid mwenyewe kasimama na miwani yake. Nyaya zimepitwa na wakati. Vifaa vimeshindwa. Akauliza kama kuna mtu anayetaka kubeba dhamana ya kuwaacha wazee kwenye jengo ambalo mtaalamu mwenyewe, tena mtoto wa hapa kisiwani, anasema limechakaa. Nani angenyanyua mkono? Barua imetoka jana. Mrengo unafungwa, wote wanapelekwa bara kwa boti ya Alhamisi tarehe mosi Novemba. Rufaa mwisho Jumatatu tarehe kumi na mbili, na lazima iwe na jambo jipya kuhusu jengo au vifaa. Machozi si jambo jipya, nimeuliza.

Sikulaumu. Uliandika ulichokiona. Lakini kweli hukufikiri watakavyolisoma? Sisi huku tunajua mtu akitaka kumuua mbwa wake husema ana kichaa, na wewe umewaandikia cheti cha kichaa.

Barua yako ya mwisho haikuwa na utani hata mmoja. Mama aliniomba nimsomee mara mbili, kisha akasema, "Huyu mtoto hali vizuri." Nimeshaanza kumfungia vitu. Amenikataza nisikunje mapazia, anasema mapazia yakitoka dirishani chumba kinajua.

Kama kuna kitu chochote bado hujakijaribu, kijaribu sasa.

Gunnvor

*

Trondheim, Ijumaa 26 Oktoba

Dada Gunnvor,

Nimepata wazo. Nimekutumia kifurushi kwa njia ya haraka. Ndani mna kebo bapa ya bluu. Ncha moja ichomeke kwenye kompyuta yako ndogo, nyingine kwenye tundu la mbele la swichi lililoandikwa kwa bluu. Nimeweka karatasi yenye maneno ya kuandika, mstari kwa mstari. Andika kama yalivyo, usiruke.

Mistari miwili ya kwanza ni ya kufuta kumbukumbu za swichi. Kabla ya hapo skrini inaweza kujaa maandishi. Usihangaike kuyasoma, ni takataka za mashine tu. Futa kwanza, ndipo uendelee. Ukimaliza mistari yote kengele zitarudi, natumaini.

Kifurushi kikiwahi kabla ya tarehe mosi, muite Solfrid aje asikie kengele zikiita.

Eilert

*

Skarvøya, Ijumaa 2 Novemba

Eilert,

Kifurushi chako kimekuja jana kwa boti. Boti ileile. Walishusha mifuko ya posta upande mmoja, na upande mwingine wakawa wanawapandisha wazee kwa viti vya magurudumu. Mama alikuwa wa tano. Alivaa koti lake la kanisani na akamshukuru kila aliyemshika. Boti ilipoanza kuondoka hakutazama nyuma, alitazama mikono yake. Nilisaini kifurushi nikiwa nawapungia.

Nikarudi, nikakaa sakafuni mbele ya kabati, nikachomeka kebo yako ya bluu. Maandishi yakajaa kama ulivyosema. Uliniambia nisisome. Eilert, miaka thelathini na moja kazi yangu ni kusoma chati za watu wanaosema hawana kitu. Mtu akiniambia usisome, macho yenyewe yanakwenda.

Yalisomeka: badiliko la mwisho, Alhamisi tarehe nne Oktoba, saa nane na dakika hamsini na mbili mchana. Na mbele yake jina, eilert. Chini ya hapo kuna ile orodha uliyonieleza, ya namba zinazoruhusiwa kupita kwenye kebo kuu. Ilikuwa na namba moja tu. Arobaini. Kamera.

Nikaruka mistari miwili ya kufuta, nikaandika maneno yako yaliyobaki. Orodha ikawa ishirini, thelathini, arobaini. Haikuchukua dakika mbili. Nikasimama nikaenda chumba cha sita, nikabonyeza kitufe cha Mama, na simu ikaita mfukoni mwangu. Swichi chakavu. Nyaya zilizopitwa na wakati. Nilikaa juu ya kitanda kisicho na shuka nikaiacha iite.

Kisha nikarudi kufuta kumbukumbu kama ulivyotaka. Sikupiga picha. Simu ilikuwa mkononi, lakini sikuweza kumpiga picha ndugu yangu kama mwizi. Kwa hiyo sina ushahidi, na neno langu mbele ya ripoti ya kampuni si kitu.

Sitakusema kwa mtu. Utajisema mwenyewe. Ndilo jambo jipya wanalolitaka: kwamba jengo halina kosa, kosa lilikuwa la mtu na limekwisha. Una siku kumi. Mama anaweza kurudi kwa boti ileile iliyompeleka.

Gunnvor

*

Trondheim, Jumatatu 5 Novemba

Dada,

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nakueleza yote.

Ile Alhamisi nilikuwa kati ya vikao viwili. Mlitaka kamera ipitishwe kwenye kebo kuu, kazi ya sekunde kumi. Kwenye swichi zile, ukitaka kuongeza namba kwenye orodha lazima uiambie *ongeza*. Ukiandika namba peke yake, inaelewa kwamba unataka hiyo tu, na inafuta nyingine zote bila kukuuliza. Kila mtu wa kazi hii anajua. Wanafunzi tunawafundisha siku ya kwanza na tunawacheka wakikosea. Mimi niliandika arobaini, sikuandika ongeza. Kisha nikahifadhi, kwa mazoea, na swichi ikanipotea hapohapo kwa sababu hata njia yangu ya kuifikia ilikuwa imo kwenye zile namba zilizofutwa. Nilidhani ni hitilafu ya dakika chache. Nikaenda kwenye kikao.

Kwetu kila badiliko huandikwa kwenye fomu na mwenzako analisoma kabla hujagusa kitu. Sikuandika. Masika niliwahi kuiruka fomu hivyohivyo, nikaangusha mtandao wa shule moja siku ya mtihani, na meneja akaniambia mara nyingine ndiyo ya mwisho. Uliponiandikia kwamba mmefunga kamera wiki ileile na inaonyesha vizuri, bado nilijidanganya. Uliponiandikia mara ya pili kwamba taa ni za kijani, kebo nzima, na kamera bado inaonyesha, nilijua. Na ndiyo barua iliyokuwa na Magnhild. Ningekueleza vipi kwenye jibu la barua ile? Nikaona wakinunua swichi mpya, mpya itafunika kosa, hakuna atakayejua, na Mama anabaki. Niliamini hivyo, Gunnvor. Sikuandika ile ripoti ili wamwondoe.

Sioni aibu tu, naona hofu. Nina miaka hamsini na tatu na sijui kazi nyingine. Lakini nitaandika. Niachie mimi peke yangu. Ukiandika na wewe watasema ndugu wawili wamepanga, barua yangu itapoteza nguvu. Nitaipeleka kabla ya Jumatatu.

Eilert

*

Trondheim, Ijumaa 9 Novemba

Dada,

Nimeshatuma, leo mchana. Kila kitu kimo, tarehe, saa na jina. Sasa tungoje.

Eilert

*

Skarvøya, Jumamosi 10 Novemba

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimeandaa rufaa yangu, na nimeitia jikoni kwenye moto, kama ulivyotaka. Nimemwambia Torbjørg kwamba kuna habari njema njiani, sikumwambia ni ipi. Tumesafisha chumba cha sita. Nimerudisha mapazia.

Ulilofanya mwanzo sijalisamehe bado, sitasema uongo. Lakini ulilofanya jana linahitaji moyo, na nimelia kwa ajili yako kwa mara ya kwanza tangu Baba afe. Wakikufukuza kazi, rudi nyumbani. Chumba chako cha juu kina ndoo na matangazo ya uchaguzi wa zamani tu. Tutavitoa.

Dada yako,
Gunnvor

*

Ofisi ya Huduma, Halmashauri, Jumatano 14 Novemba

Kwa Bi. Gunnvor Hestnes, Muuguzi Mkuu

YAH: KUFUNGWA KWA MRENGO WA ZAMANI

Muda wa rufaa ulikwisha tarehe 12 Novemba saa tisa alasiri. Tumepokea barua moja ya pamoja ya jamaa za wakazi, isiyo na jambo jipya kuhusu jengo wala vifaa. Hakuna maelezo mengine yaliyopokelewa kutoka kwa mtu au kampuni yoyote. Kuhusu swali ulilouliza kwa simu, tumepekua posta na barua pepe mara mbili.

Ripoti ya kitaalamu ya tarehe 12 Oktoba haijapingwa. Uamuzi ni wa mwisho. Mafundi wataanza kuondoa vitanda na nyaya Jumatatu ijayo. Unaombwa kukabidhi funguo.

Solfrid Engvik
Mkuu wa Huduma

*

Skarvøya, Ijumaa 16 Novemba

Eilert,

Funguo nimekabidhi. Usiniandikie.

G.

*

Breivassbukt, Jumapili 25 Novemba

Mwanangu Eilert,

Naandika mwenyewe, kwa hiyo usicheke mwandiko. Mkono unatetemeka na kalamu ni ya kwao hapa, ina jina la duka la miwani.

Mimi ni mzima. Chumba kina joto. Dirisha langu linatazama maegesho ya magari, na nimeshayajua yote, la bluu huchelewa kila asubuhi. Samaki wao wanamchemsha mpaka asahau kwamba aliwahi kuogelea. Wasichana ni wapole lakini wanabadilika kila siku, na kila mmoja ananiuliza upya kama nina watoto.

Peder alifariki Jumanne. Hakuwa mgonjwa. Magnhild naye alikwisha kututangulia, ulisikia. Nyumbani tulikuwa wanane, huku tulikuja saba, na sasa tuko sita. Wametutenganisha ghorofa, kwa hiyo siwaoni ila kwenye ibada.

Nilimwuliza Gunnvor kwa simu kama tutarudi majira ya kuchipua. Alisema hapana, mrengo umeshabomolewa ndani. Nikamwuliza habari zako akasema hajui. Sauti yake ilikuwa kavu. Eilert, kama mmegombana kwa sababu hukufaulu, nitamkanya. Najua dada yako, yeye anataka kila kitu kipone. Barua zako zote za mwanzo alinisomea, najua ulivyohangaika na zile waya kutoka mbali, huku una kazi zako. Mtu hawezi kuokoa kila kitu. Baba yako hakuweza na alikuwa na boti mbili.

Sitaki ukae huko ukijilaumu. Nimewaambia wote mezani petu kwamba mwanangu alitupigania wiki nne nzima, na kama si yeye tungeondolewa mapema zaidi. Hawaamini kwamba nina mtoto wa namna hiyo. Njoo Jumapili moja, wakuone.

Mama